Mbio za Kimya za Rubondo

Espe mwanangu,

Nimeanza kuandika jua likiwa bado kali juu ya mabati, kwa sababu unanijua: ikifika jioni kichwa changu kinafunga duka, na anayegonga anakuta giza. Ukitaka barua ya usiku utaandikiwa na mzee mwingine, mkali, asiyejua hata leo ni siku gani. Hii ya mchana ni yangu. Nikichoka nalala kidogo, nikiamka nasoma nilichoandika, halafu naendelea. Kwa hiyo ukiona nimeruka kutoka fasi moja kwenda nyingine, usifikiri papa yako amekunywa. Nililala katikati.

Mama yako yuko nje anakunja nguo zako alizokwisha kuzikunja. Habari za sabuni, chandarua, na nani umsalimie kwanza ukifika Mbarara, amekuambia mpaka hata mimi nimezishika, na mimi sishiki kitu. Sitazirudia. Nina neno langu jingine. Nilikusikia jikoni.

Ulikuwa unachagua maharage. Ulisema, "Mama, mi siendi. Nani atakimbia na papa?" Mama yako akasema, "Nyamaza, atasikia." Ukamjibu, "Asikie tu. Mimi nabaki."

Nilichukua kipande cha makaa nikaandika ukutani nyuma ya kitanda, ninapoandika kila jambo nisilotaka linitoke. Kesho yake nikalisoma, nikamuuliza mama yako, na ndipo akanitolea na lile la mwaka jana, kwamba chuo hakikuwa kimejaa kama ulivyotuambia. Walikuita, ukakataa, ukarudi kuchota maji kana kwamba hakuna kitu. Nilikasirika sana, Espe. Nilipiga ndoo teke, maji yakamwagika yote, halafu nikaona aibu kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa umeyachota.

Basi ndiyo maana ya barua hii. Kesho asubuhi boda itakuja kukuchukua, na mimi nataka uende kwa moyo mzima. Ukienda nusu, nusu nyingine imebaki hapa kunichunga, hutasoma kitu huko wala hutanisaidia kitu huku. Niache nianzie mbali kidogo, maana mambo ya zamani ndiyo yaliyonibakia safi.

Tulipofika Rubondo, humu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ulikuwa bado unanyonya. Tulipewa kiwanja na turubai, na majirani wote walikuwa watu wa Kivu ya Kusini kama sisi, kila mmoja na kilio chake. Hatukuwa hata na mbao za benchi kanisani, lakini korali nilikuwa nimekwisha kuiunda. Nilikuwa kijana, nina sauti, na kiburi pia ninacho. Mchana tulilima, jioni tulikusanyika, akina mama na watoto mgongoni, Bahati na ile ngoma yake aliyoitengeneza kwa debe na ngozi ya mbuzi, na mimi mbele nimeshika kijiti. Wewe tulikulaza juu ya koti langu, hatua chache kutoka kwenye ngoma, na ulikuwa huamki. Watu walikuwa wanakuja kukutazama: mtoto gani huyu anayelala karibu na ngoma ya Bahati?

Sheria ya wagonjwa niliiweka mimi. Mtu wa kanisa akiugua, korali nzima inakwenda kwake jioni, na ngoma, inaimba hadi acheke au alie. Si wawili watatu, wote. Kwetu, kumwacha mgonjwa peke yake na kimya chake ni kama kumwambia kwamba tumeshaanza kutafuta majembe ya kumchimbia. Tulikuwa tunajazana katika vyumba vya watu mpaka wengine wanaimba kutoka dirishani. Tukimaliza tunapewa chai, kama sukari ipo. Halafu tunarudi kwa mstari mmoja katikati ya mahindi, sauti zimekauka, mtu anamcheka aliyekosea sauti ya pili, na wewe uko mabegani mwangu umeshika masikio yangu kwa mikono miwili. Nikifumba macho, ile njia naiona. Najua hata fasi ilipokuwa na tope.

Nilikuwa na furaha siku zile, Espe. Tulikuwa hatuna kitu, lakini nilikuwa na furaha, na ni vizuri mtu aiandike.

Kisha ikaja siku ya Kikagate. Nilikwenda kununua kitambaa cha sare ya korali, kwa sababu kule mpakani vinafika vitambaa vya Tanzania vyenye rangi ambazo huku hatuzioni. Nilirudi kwa boda, bunda la kitambaa mapajani, kichwa wazi, naimba. Karibu na Ngarama ng'ombe mmoja wa pembe ndefu akavuka barabara. Yeye hakupata kitu. Wanasema alitutazama, akaendelea kula. Dereva alivunjika mguu, mimi nikagonga kichwa chini, na kitambaa cha korali ndicho walichonifungia nacho damu hadi Mbarara.

Hospitali sikumbuki. Nakumbuka kurudi nyumbani. Jioni ile ile korali ilikuja, na siwalaumu, walifanya nilichowafundisha. Waliingia wote. Sauti ya kwanza ilipoanza nilihisi kama mtu ananimwagia changarawe ndani ya fuvu. Bahati alipopiga ngoma, nikalia. Wao wakafurahi. Si sheria ilisema hadi acheke au alie? Wakaongeza.

Jioni iliyofuata nilirusha kikombe, kikampata Bahati kwenye paji la uso. Ile alama aliyonayo juu ya jicho ndiyo hiyo. Halafu wakaja na mchungaji, na nilimsikia mama mmoja mlangoni akisema, "Mutu wa korali anachukia nyimbo za Mungu? Hii si ugonjwa. Hii ni pepo." Wakaimba zaidi ili wamtoe huyo pepo, na mimi nikapiga makelele zaidi, na mama yako akawa amekaa katikati yetu amejifunika uso na kitenge. Mwishowe wakachoka, wakaacha kuja. Masikio yangu yalipumzika, lakini moyo uliumia.

Kosa langu halikuwa kile kikombe. Kosa langu ni kwamba nami niliamini. Niliamini kwamba pale Ngarama Mungu alitoka kichwani mwangu na kitu kingine kikaingia. Sikumuuliza mtu, hata kliniki sikusema, kwa sababu niliona aibu: kiongozi wa korali aende kumwambia daktari kwamba nyimbo zinamtia wazimu? Nikajifungia. Niliziba dirisha kwa gunia, nikawakataza kucheka ndani ya nyumba. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulijifunza kucheka bila sauti, mkono mdomoni, mabega ndiyo yanatikisika. Mpaka leo unacheka hivyo hivyo hata ukiwa shambani peke yako. Kila nikikuona, naumia. Huko unakokwenda, mwanangu, cheka mpaka wakugongee ukuta.

Mbio zenyewe zilianza bila mtu kuzipanga. Kliniki walisema nitembee kila siku, na wewe ukachagua alfajiri, kabla watu hawajafika kwenye bomba na madumu yao na kelele zao. Tulikuwa tunatembea hadi pale bombani na kurudi. Wewe ulikaa kushoto kwangu, kwa sababu upande ule macho yangu yanaona lakini kichwa hakijali. Ningeweza kugonga nyumba nzima upande wa kushoto na kuiomba msamaha baadaye. Siku moja mvua ilitukuta njiani, ukanishika mkono ukasema, "Papa, tukimbie," na tukakimbia kweli. Nilifika nyumbani nimelowa, napumua kama ng'ombe yule, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sikumkasirikia mtu mpaka mchana. Kesho yake tukakimbia tena bila mvua.

Na zile asubuhi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Ukungu uko chini kwenye mahindi, jogoo mmoja wa jirani ambaye hajui saa, na wewe unaninong'oneza, "Shimo, papa. Jiwe. Sasa kona." Hatukuwa tunaongea kitu kingine.

Aliyetuita Mbarara ni Mama Patience, yule mama wa kambi ya jeshi tuliyekuwa tunakutana naye kliniki. Mume wake, Sajenti, alipinduka na lori, na kichwa chake kikawa ndugu ya changu. Wake wa askari walikuwa wameanzisha mbio za hisani: mtu anachangia kidogo, anapewa fulana ya njano, anakimbia mjini na wenzake, na kinachopatikana kinasaidia nauli za kliniki na unga wa uji kwa watu walioumia kichwa. Sisi wenyewe tulioumia tulitakiwa kukimbia mbele, au kutembea, ili watu watuone kwamba tupo. Mimi nilikataa. Mama Patience akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mzee, wewe kuja. Hapana kaa nyumbani kama kuku nalalia mayai." Wewe ukacheka kile kicheko chako cha mabega, nami nikaona afadhali niende kuliko kuitwa kuku.

Wakubwa wa kambi ya jeshi waliotayarisha uwanja walitaka kutuheshimu, na heshima ya watu wetu, Wakongomani na watu wa Uganda sawasawa, haiendi bila spika. Walileta spika ndefu kuliko mimi, jenereta, na bendi ya kambi na matarumbeta yake. Ulikwenda kutuchukulia fulana. Uliporudi sikuwepo.

Yaliyofuata nayajua kwa sababu umenisimulia mara nyingi hata yamekuwa yangu. Mtangazaji alisema kwenye spika kwamba anatafutwa mzee wa Nakivale. Muda kidogo akasema anatafutwa Sajenti fulani. Halafu msichana wa shule. Halafu mzee mwingine. Watu wa fulana za njano wakatawanyika mjini, wengine sokoni, wengine kituo cha mabasi. Mbio za kuwasaidia walioumia kichwa, na walioumia kichwa wote wamepotea.

Uliyetukuta ni wewe, ukiwa na Mama Patience. Tulikuwa nyuma ya ukuta wa shule moja, wanne, tumekaa chini kwa mstari, kila mmoja ameziba masikio kwa mikono yake. Hakuna aliyemfuata mwenzake. Kila mtu alikimbia kivyake, na wote tukafika pale pale, kwa sababu ndiyo ilikuwa fasi ya kwanza ambapo zile kelele zimepungua.

Uliniuliza, "Papa, juu ya nini umekimbia?" Nilikuwa naogopa jibu. Mama Patience ndiye aliyekujibu, anacheka na kulia pamoja. "Ni hiyo muziki, mtoto yangu. Bwana yangu pia iko hivi. Daktari alisema kichwa ikiumia, hapana weza chuja makelele. Yote naingia mara moja."

Ukamuuliza, "Hata nyimbo za kanisa?"

"Hata kanisa. Hata mimi nikicheka sana, yeye nakasirika."

Nilimtazama Sajenti. Nikamtazama yule msichana, ambaye sare yake ilikuwa na vumbi mgongoni kwa kuegemea ukuta. Nikamtazama yule mzee, aliyekuwa dereva wa boda. Nikafikiri, pepo gani huyu mwenye kazi nyingi hivi asubuhi moja? Nikalia pale chini, Espe, na nilikuwa silii kwa uchungu. Sikuwa nimemchukia Mungu. Nilikuwa nimeumia kichwa, basi. Miaka ile yote ningeweza kulijua hilo kwa kuuliza swali moja tu kliniki, na sikuuliza. Ukiwa huko, siku ukiona aibu kuuliza kitu, uliza hicho hicho kwanza.

Ulipoona nalia uligeuka ukaondoka kwa miguu yako ile mirefu hadi kwenye jenereta, ukang'oa waya.

Mtangazaji akashangaa, "Banange, nani amezima?"

"Mimi," ulisema. Na ukapaza sauti, wewe ambaye nyumbani kwako hukuwahi kuipaza: "Batu munakimbia kwa ajili yao beko nyuma ya ukuta. Bameziba masikio."

Wanasema afisa mmoja mwenye tumbo alivua kofia, akakutazama, akasema, "Hiyo muziki ibaki hivyo. Sisi takimbia na miguu." Tukatolewa nyuma ya ukuta, tukawekwa mbele, tukaanza. Askari hawajui kukimbia bila kuimba. Kuna mmoja nyuma yangu aliyefungua mdomo akaanza, akakumbuka, akaumeza wimbo kama kidonge. Kilichobaki ni miguu. Mingi sana, yote pamoja, juu ya lami ya Mbarara, na wenye maduka wametoka kusimama milangoni bila kuelewa ni msiba au ni nini. Kwa mara ya kwanza tangu Ngarama nilikuwa katikati ya watu wengi na sikutaka kukimbilia popote wala kumpiga mtu. Wewe ulikuwa kushoto kwangu: "Shimo, papa. Sasa kona."

Mwaka uliofuata mbio zikaja kwetu Rubondo, na wewe ndiye uliyezunguka nyumba kwa nyumba kueleza masharti. Hakuna ngoma, hakuna filimbi, hakuna vigelegele. Akina mama walilalamika: watu wapite mbele ya nyumba yangu, mimi ninyamaze kama nimenuna? Ndipo mkapatana kwamba wapunge vitenge. Unakumbuka ile barabara? Vitenge vilivyopungwa pande zote mbili, na wale mabibi wamebana midomo kwa nguvu, machozi yanawatoka kwa kuzuia vigelegele. Mchungaji alinisubiri mwishoni. Aliniomba msamaha kwa ajili ya lile neno la pepo, na hata msamaha wenyewe aliunong'ona. Nilimwambia tulikosea pamoja. Siku hizi korali inakuja kwa wagonjwa wawili wawili, mmoja sauti ya kwanza na mmoja sauti ya pili, na kabla ya kuimba wanauliza. Mimi Jumapili nakaa kando ya shamba la mihogo, mbali kidogo na kanisa. Wimbo unanifikia umeshapungua uzito, na ninauweza. Sauti ya pili bado wanakosea.

Nilikuwa nimelala. Nimesoma yote ya juu, na naona nimekwepa jambo lililonikalisha hapa. Sasa jua linashuka, nilimalize.

Mwaka huu Mbarara nilikwenda na malaria, hukutaka nikimbie, ukanikalisha kwenye kiti pamoja na Sajenti, karibu na mwisho wa njia. Ulikimbia peke yako. Nilikaa natazama waliokuwa wanarudi, na kwa mbali nikaona msichana mmoja amewapita wanaume, amewapita askari, anakuja kama vile barabara ni ya baba yake. Nikamuuliza Mama Patience, "Yule ni nani?" Akanitazama vizuri ili ajue kama nauliza kweli. "Mzee, si ni ule mtoto yako?"

Sikukutambua, mwanangu. Sikuwa nimewahi kukuona ukikimbia. Asubuhi zote zile nilifikiri tunakimbia pamoja, kumbe ulikuwa unanisubiri kila hatua. Ulikuwa unajizuia miguu kama mtu aliyembeba mtoto usingizini. Ulipofika ulikuja kwangu moja kwa moja, unapumua, fulana imekushika mgongoni, na mimi nikakuambia, "Umefanya vizuri," kama mtu anayemsifu mwanawe kwa kuosha sahani. Nililia njiani tukirudi, ukadhani ni homa, ukanifunika koti.

Kwa hiyo usiniambie kwamba unabaki ili tukimbie pamoja. Hatujawahi kukimbia pamoja. Ulinitembeza, na nakushukuru, na inatosha. Miguu ile ni yako. Nenda nayo.

Naogopa, sikufichi. Naogopa hasira zangu za jioni wakati hupo wa kuninyooshea mkono na kunitoa nje. Naogopa mama yako atabeba peke yake. Tumeongea, mimi na yeye, asubuhi nikiwa mzima wa akili, na ameniambia kwamba anaogopa zaidi kukuona hapa ukiwa na miaka arobaini, unaninong'oneza mashimo. Mama yako hasemi mingi, lakini akisema anafika.

Atakayekaa kushoto kwangu ni Bahati. Ndiyo, Bahati yule wa ngoma. Nilimwomba mwenyewe. Nikampa sharti moja, asiongee. Juzi tulijaribu ulipokuwa umekwenda kuaga marafiki. Aliongea hadi kwa jirani wa kwanza, halafu pumzi ikamwisha, na huo ndio uzuri wa tumbo lake. Alinionya shimo moja, la pili akaanguka yeye. Nikamngoja. Hujui, Espe, ilivyonipendeza kuwa mimi ndiye ninayemngoja mtu.

Usije kila Jumamosi, kama ulivyomwahidi mama yako. Njoo likizo, kama watoto wa wengine. Jumamosi zako kimbia na wasichana wa Mbarara, kwa mwendo wako, na wakishindwa kukufuata usigeuke kuwangoja.

Na kesho usinitafute uniage. Boda ikija nitakuwa nimekwisha kutoka na Bahati. Mkitupita njiani usimwambie dereva asimame. Nikisimama sitaanza tena, na wewe ukishuka hutapanda tena, nakufahamu. Punga kitenge, halafu angalia mbele.

Kuna jambo moja mama yako lilimnyima usingizi. Keshokutwa nitaamka alfajiri, nitavaa viatu, nitakuita. Nitakuita na siku nyingi baada ya hiyo, kwa sababu hiki kichwa hakitakuwa kimeshika kwamba umekwenda. Aliogopa atakuwa ananivunja moyo kila siku upya. Nimemwambia asiseme kabisa kwamba umeondoka. Aseme hivi: Espe yuko Mbarara, anasomea kuwatibu watu walioumia kama wewe. Papa mwingine habari kama hiyo ataisikia mara moja, ataizoea. Mimi nitaletewa mpya kila asubuhi, hadi siku utakapomaliza.

Papa yako